Daftari la wanachama: funzo kutoka historia ya vyama vya kujitolea

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya jamaa zilizokimbia vita, na kwa ajili ya viongozi wa mitaa, wa makanisa, wa misikiti na wa vikundi wanaoishi Kyavinyonge, kwenye ukingo wa Ziwa Edouard. Linaweza kuwasaidia pia ndugu zetu wa Butembo, wa Beni na wa mahali pengine ambapo wenyeji na wageni wanaishi pamoja. Mnaweza kulisoma kwa sauti katika kikundi cha watu kumi au kumi na tano. Mtu mmoja asome, wengine wasikilize. Mkifika kwenye maswali, mpumzike na kujadiliana. Asiyejua kusoma asiachwe nyuma, kwa maana maswali yenyewe hayahitaji kalamu.

Tutazungumza juu ya historia ya vyama viwili vya kujitolea vinavyojulikana duniani. Chama cha kwanza ni Rotary. Cha pili ni Msalaba Mwekundu, ambao wengi wetu tunauita Croix-Rouge. Hatutaki mtu yeyote aache kikundi chake ajiunge na kimoja cha hivi. Tunataka kujifunza jambo moja tu kutoka kwao: ni nani aliyeruhusiwa kuwa mwanachama, na jambo hilo lilibadilisha nini.

Madaftari mawili

Tangu mwezi wa kumi 2014, wakati mauaji makubwa yalipoanza katika eneo la Beni, jamaa nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja. Mwaka 2024 vita vya M23 vilifika Kanyabayonga na Kirumba, na watu wengi wa kusini mwa Lubero wakaacha nyumba na mashamba yao. Kila mahali wanapofika, jambo la kwanza ni kuandikwa. Kiongozi wa mtaa anawaandika. Shirika la chakula linawaandika. Shule inaandika watoto. Kituo cha afya kinaandika wagonjwa.

Madaftari hayo ni ya lazima, maana bila hayo msaada hauwezi kugawanywa kwa haki. Lakini yote yanauliza swali moja: umepoteza nini, na unahitaji nini? Baada ya miezi mingi, mtu aliyekuwa mwalimu, fundi wa nyavu au mkunga anaanza kujiona kama namba ya kadi tu. Na mwenyeji anayemwona akipanga mstari kila mwezi anaanza kumwona hivyo hivyo.

Kuna daftari lingine. Ni daftari la wanachama wa chama cha kujitolea. Hilo linauliza: unajua kufanya nini, na utatupa saa ngapi za kazi yako? Mtu aliyeandikwa humo anakuwa mwenye kutoa. Ana sauti katika mkutano, anaweza kuchagua na kuchaguliwa. Ndiyo maana swali la nani aandikwe katika daftari hili ni swali la amani.

Mgeni katika mji mkubwa

Rotary ilianza katika mji wa Chicago, Marekani, tarehe 23 mwezi wa pili 1905. Mwanzilishi wake, Paul Harris, alikuwa wakili. Hakuwa mtu wa Chicago. Alilelewa na babu na bibi yake katika kijiji kidogo cha jimbo la Vermont, mahali ambapo kila mtu alimjua jirani yake. Alipofika Chicago kufanya kazi mwaka 1896, alikuta mji wa watu wengi sana ambao hawasalimiani. Alikuwa na kazi na wateja, lakini hakuwa na ndugu wala rafiki wa karibu.

Jioni ile ya mwaka 1905 watu wanne walikutana katika ofisi moja: Harris mwenyewe, Silvester Schiele aliyeuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr aliyekuwa injinia wa migodi, na Hiram Shorey aliyekuwa fundi wa kushona. Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja. Kutoka kwa zamu hiyo ya kuzunguka ndipo jina Rotary lilipotokea.

Walijiwekea sheria moja ya uanachama: kila kazi itoe mtu mmoja tu. Wakili mmoja, fundi mmoja, mfanyabiashara mmoja wa makaa. Kwa njia hiyo hakuna aliyemwogopa mwenzake kuwa mshindani wake, na kila mmoja alileta ujuzi ambao wengine hawakuwa nao.

Mwanzoni walisaidiana wao kwa wao, kama sisi tunavyofanya katika likirimba. Lakini chama ambacho kinawasaidia wanachama wake tu kinafika mwisho wake haraka. Kuanzia mwaka 1907 walianza kushughulikia haja ya mji mzima, nayo haikuwa kitu cha kujivunia sana machoni pa watu: walidai vyoo vya hadhara vijengwe katikati ya Chicago. Kazi yao ya kwanza kubwa kwa ajili ya mji ilikuwa vyoo. Mtu anayeishi katika kijiji cha wavuvi, mahali ambapo watu wanachota maji ya kunywa ziwani na kipindupindu kinajulikana, hatacheka kazi hiyo.

*Maswali ya kujadiliana*

* Paul Harris alikuwa na kazi na fedha, lakini alijisikia mgeni. Je, kwetu ni mambo gani yanayomfanya mtu ajisikie mgeni hata baada ya kupata nyumba na chakula?
* Kama tungechukua mtu mmoja kutoka kila kazi ya Kyavinyonge, tungekuwa na watu gani kwenye meza? Wavuvi, mama wanaokausha na kuuza samaki, mafundi wa mitumbwi, wauguzi, walimu, na nani tena?

Mlango uliofungwa kwa miaka 84

Sheria ya mtu mmoja kwa kila kazi ilisaidia sana, lakini kulikuwa na sheria nyingine: mwanachama lazima awe mwanamume. Kwa miaka 84 wanawake walipika, walikusanya michango, waliwatembelea wagonjwa pamoja na waume zao, lakini majina yao hayakuandikwa katika daftari. Walifanya kazi bila kupiga kura.

Mwaka 1977 klabu ndogo ya Duarte, katika jimbo la California, iliona kwamba wanachama wake wamepungua sana. Ikawapokea wanawake watatu. Mwaka uliofuata viongozi wa Rotary duniani waliiondoa klabu hiyo katika chama. Watu wa Duarte hawakuwafukuza wale wanawake. Waliendelea kukutana, na wakapeleka shauri mahakamani. Shauri lilichukua miaka mingi. Tarehe 4 mwezi wa tano 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya California inayokataza ubaguzi inaweza kutumika juu ya klabu hizo. Mwaka 1989 baraza la Rotary lilibadilisha katiba, na wanawake wakaweza kuandikwa dunia nzima.

Kuna mambo matatu tunayoweza kuona hapa.

1. Mabadiliko hayakutoka juu. Yalitoka kwenye klabu ndogo iliyokuwa na haja ya watu.
2. Wale waliofungiwa nje walikuwa tayari wanafanya kazi. Kilichokosekana kilikuwa jina kwenye daftari na haki ya kupiga kura.
3. Chama hakikuvunjika kwa kufungua mlango. Mwaka 2022 mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada, alikuwa rais wa Rotary duniani kwa mara ya kwanza.

Tufikiri sasa juu ya vikundi vyetu. Mara nyingi watu waliokimbia vita wanaitwa kwenye kazi: kusafisha chemchemi, kubeba mawe, kutengeneza barabara siku ya salongo. Kazi ikiisha, mkutano wa kuamua unafanyika bila wao. Wao ni mikono, si sauti. Hali hiyo inafanana na ile ya wanawake kabla ya mwaka 1989, na uchungu wake ni uleule.

Upande wa pili wa ziwa

Rotary ilifika Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Klabu ya Nairobi ilikubaliwa rasmi mwaka 1930. Nchini Uganda, ng'ambo ya Ziwa Edouard kwa jirani zetu, klabu ya kwanza ilikuwa ya Kampala, mwaka 1957, miaka mitano kabla ya uhuru wa nchi hiyo.

Historia ya Uganda inatugusa kwa sababu chama hiki kilipita katikati ya miaka mibaya sana. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa watu wengi wenye asili ya Asia siku 90 kuondoka nchini. Baadaye kulikuwa na vita, na serikali kupinduliwa zaidi ya mara moja. Katika miaka hiyo ya hofu, mwaka 1978, mtu wa benki aliyeitwa Sam Owori alijiunga na klabu ya Kampala. Akawa kiongozi wa klabu, kisha wa eneo zima. Yeye na wenzake walifanya bidii ya kualika watu wapya, na katika muda usiofika miaka thelathini klabu za Uganda ziliongezeka kutoka 9 hadi 89. Owori alichaguliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018 na 2019. Angekuwa Mwafrika wa pili katika kazi hiyo, baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria aliyeongoza mwaka 2003 na 2004. Kwa huzuni ya wengi, alifariki mwezi wa saba 2017, kabla ya kuanza.

Katika Uganda tunaona nini? Tunaona kwamba idadi ya wanachama haiongezeki yenyewe. Katika Rotary mtu hajiandiki peke yake, anaalikwa na mwanachama. Kama kila mwanachama anamwalika ndugu yake, chama kinakuwa cha ukoo. Kama kila mwanachama anamwalika mtu wa dini nyingine, wa kazi nyingine, wa lugha nyingine, chama kinakuwa daraja.

Vijana pia walifunguliwa mlango. Tangu mwaka 1968 kuna klabu za vijana zinazoitwa Rotaract, na leo ziko katika nchi nyingi za Afrika. Na mjini Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, Rotary ilisaidia kuanzisha kituo cha masomo ya amani kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2021. Chama kilichoanza na watu wanne waliotafuta urafiki kilifika mahali pa kufundisha amani.

Jambo hili la vijana tulizungumze bila kuogopa. Katika Kivu ya Kaskazini, kijana ambaye hakuandikwa mahali popote, si shuleni, si kazini, si katika kikundi, ataandikwa siku moja na mwenye silaha. Kundi la silaha nalo linampa jina, wenzake, kazi na heshima ya namna yake. Tukimwambia kijana asiende huko, lazima tuwe na daftari letu ambamo jina lake linaweza kuingia.

Mlango ulio wazi kwa wote

Chama cha pili kilianza kwa njia nyingine. Tarehe 24 mwezi wa sita 1859 kulikuwa na vita vikubwa huko Solferino, kaskazini mwa Italia. Mfanyabiashara wa Uswisi, Henry Dunant, alifika karibu na mahali pale kwa mambo ya biashara, akakuta maelfu ya waliojeruhiwa hawana wa kuwahudumia. Katika mji wa Castiglione watu wa kawaida, hasa wanawake, waliwaosha, wakawapa maji na kufunga vidonda vyao. Hawakuuliza huyu ni askari wa upande gani. Kwao wote walikuwa ndugu.

Dunant aliandika kitabu juu ya siku hizo, kikatoka mwaka 1862. Aliomba kila nchi iwe na chama cha watu wa kujitolea waliofundishwa wakati wa amani, ili wawe tayari wakati wa vita. Mwaka 1863, mjini Geneva, kamati ya watu watano ilianza kazi hiyo, na Msalaba Mwekundu ukazaliwa. Mwaka 1901 Dunant alikuwa mmoja wa watu wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1965, katika mkutano wa Vienna, Msalaba Mwekundu ulikubali kanuni saba. Mojawapo ni kujitolea: kazi haifanywi kwa kutafuta faida. Nyingine inaitwa umoja: katika nchi moja kuwe na chama kimoja tu cha namna hii, na chama hicho lazima kiwe wazi kwa wote. Hapo swali la uanachama limeandikwa ndani ya kanuni zenyewe. Kuna pia kanuni ya kutobagua, inayosema kwamba anayehudumiwa wa kwanza ni mwenye shida kubwa zaidi. Na kuna kanuni ya kutoegemea upande wowote katika vita.

Kanuni hizi zinategemeana. Chama kikiwa na watu wa kabila moja tu au wa chama kimoja cha siasa, hata kikihubiri kutobagua, watu hawatakiamini. Wanaangalia kwanza nani amevaa gileti, ndipo wanasikiliza anachosema.

Beni na Butembo wakati wa Ebola

Jambo hili tuliliona hapa kwetu. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulienea Mangina, Beni, Butembo, Katwa na mahali pengine, na haukutangazwa kumalizika mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 kati yao walikufa.

Ugonjwa ulikuja juu ya vita na juu ya kutoaminiana. Mwisho wa mwaka 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, na wengi waliona kwamba Ebola imetumiwa kwa siasa. Magari mengi yalileta watu kutoka mbali, na wananchi walisema kwamba wageni hao wanatafuta fedha katika vifo vyetu. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu waliofanya kazi ya mazishi walitukanwa na kupigwa mawe, na mwezi wa kumi 2018 baadhi yao walijeruhiwa katika Butembo.

Kazi ya mazishi ilikuwa ngumu kuliko zote. Mwili wa aliyekufa na Ebola unaweza kuambukiza, na desturi zetu zinataka ndugu wauoshe na kuugusa kwa mara ya mwisho. Wajitolea walijifunza kwamba dawa na nguo za kujikinga hazitoshi. Ilibidi waketi na jamaa, waeleze kila hatua, wasikilize, waache ndugu waombe na kuaga kwa njia isiyo na hatari. Kazi kama hiyo haifanywi vizuri na mtu asiyejua lugha ya mtaa. Inahitaji mtu ambaye mama wa marehemu anaweza kumwita mwanangu. Ndiyo sababu wajitolea waliotoka katika mitaa yenyewe walikuwa na thamani kubwa.

Hapa funzo ni wazi. Ikiwa chama kimeandika wanachama katika kila mtaa kabla ya hatari kuja, siku ya hatari kina mlango katika kila nyumba. Ikiwa kimesubiri, siku ya hatari kitaonekana kama mgeni, hata kama kinaleta dawa.

*Maswali ya kujadiliana*

* Wakati wa Ebola, nani katika mtaa wenu aliaminiwa na watu wote? Kwa nini?
* Kama kipindupindu kingetokea wiki ijayo mahali wanapoishi waliokimbia, kikundi chetu kina mwanachama gani huko ambaye watu watamfungulia mlango?

Njia mbili, swali moja

Tumeona njia mbili za kupata wanachama. Katika Rotary mtu anaalikwa. Katika Msalaba Mwekundu mlango uko wazi kwa kila anayekubali kanuni. Kila njia ina faida na hatari yake.

Mwaliko unaleta watu wanaojuana na kuaminiana, na kazi inaendelea haraka. Hatari yake ni kwamba kila mmoja humwalika anayefanana naye. Mlango wazi unaleta watu wa kila namna. Hatari yake ni kwamba wengine watakuja siku ya kugawa fulana tu, na siku ya kazi hawataonekana. Kwa sababu hiyo vikundi vingi vinachanganya njia zote mbili: mlango uko wazi, lakini anayeingia anafanya kazi kwa muda fulani, kwa mfano miezi mitatu, ndipo jina lake linaandikwa kama mwanachama kamili.

Jambo la lazima ni kwamba sharti liwe moja kwa wote. Kama mwenyeji anaandikwa siku ileile na mgeni anasubiri mwaka, sharti hilo ni ukuta.

Kuanzisha daftari katika Kyavinyonge

Kyavinyonge ni kijiji cha uvuvi ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Ardhi ya kulima ni shida, na ziwa ndilo linalowalisha wengi. Pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, ni mojawapo ya vijiji vitatu vya uvuvi vilivyokubaliwa na sheria upande wa Kongo. Mahali kama hapa, mgeni anapofika, mwenyeji anaogopa kwamba samaki, maji na nafasi vitapungua. Hofu hiyo si dhambi. Lakini ikiachwa bila mahali pa kuzungumzwa, inakuwa chuki.

Chama cha kujitolea kinaweza kuwa mahali hapo. Tunapendekeza hatua hizi.

1. Hesabuni ujuzi kabla ya shida. Pitieni nyumba kwa nyumba, wenyeji na waliokimbia, mkiuliza kila mtu anajua kufanya nini. Mtashangaa kukuta waashi, washonaji na wauguzi ambao hakuna aliyewahi kuwauliza.

2. Mchango uwe kazi, fedha ziwe baadaye. Kama kiingilio ni franka, aliyepoteza yote amekwisha kufungiwa nje. Saa mbili za kazi kila wiki, kila mtu anazo.

3. Gawanyeni madaraka. Kama mwenyekiti ni mwenyeji, makamu awe mtu aliyekimbia, au kinyume chake. Mtunza fedha na mwandishi wasitoke katika jamaa moja. Wanawake na vijana wawe na viti vya kuamua, si vya kupika na kubeba viti tu.

4. Kazi ya kwanza iwe ya wote. Msianze na kazi inayofaa upande mmoja. Choo cha sokoni, usafi wa mahali pa kushushia samaki, njia ya kwenda kituo cha afya: kila mmoja anaona faida yake.

5. Lindeni daftari. Katika nchi yenye vita, orodha ya majina inaweza kuua ikifika katika mikono mibaya. Andikeni jina, kazi anayojua na mtaa anaoishi sasa. Msiandike kabila wala kijiji mtu alikotoka kama hakuna lazima. Daftari likae kwa watu wawili wanaoaminiwa na pande zote, na wasilitoe bila kibali cha kamati. Kikundi kikitaka kutambuliwa na serikali kwa sheria ya vyama ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, kitaombwa orodha ya wanachama. Wanachama waelezwe kwanza, na wakubali.

6. Msikubali silaha ndani ya mkutano. Mtu anayetumikia kundi la silaha asitumie jina la chama. Siku chama kitakapoonekana kama sikio la upande mmoja, wanachama wote watakuwa hatarini, na pamoja nao wale wanaowahudumia.

7. Mpeni anayerudi barua. Waliokimbia wanatamani kurudi kwao, na siku moja wengi watarudi. Anayeondoka apewe barua ndogo inayosema alikuwa mwanachama, amefanya kazi gani, amejifunza nini. Atakapofika kwao anaweza kuanzisha chama kingine, naye atakuwa rafiki wa Kyavinyonge kwa maisha yake yote.

Neno kwa viongozi

Baadhi yenu mnaweza kusema: tukiwaandika wageni, kesho watatushinda katika kura. Tunaelewa hofu hiyo, na viongozi wa Rotary nao walisita mpaka mwaka 1989. Lakini fikirini upande wa pili. Mtu asiye na kura katika chama chenu bado ana masikio na ulimi. Anazungumza kisimani na kando ya moto jioni. Ni afadhali malalamiko yake yasemwe mbele ya kamati, mahali yanapoweza kujibiwa, kuliko yasemwe gizani mahali ambapo mwingine atayatumia.

Na kwenu ninyi mliokimbia: msisubiri kualikwa tu. Nendeni kwa kiongozi wa mtaa, mwambieni mnajua kufanya nini. Anzeni na kazi ndogo ambayo majirani wanaiona. Waahidini mnachoweza kutimiza, kisha mtimize.

Zoezi la wiki hii

Chukueni daftari la kikundi chenu, la likirimba, la kwaya, la wazazi wa shule au la wajitolea. Someni majina polepole mbele ya watu wanne: mwanamume na mwanamke, mwenyeji na aliyekimbia. Kisha jibuni maswali haya pamoja.

* Majina mangapi ni ya wanawake? Mangapi ni ya vijana? Mangapi ni ya watu waliofika katika miaka mitatu iliyopita?
* Ni nani anafanya kazi nasi lakini jina lake halimo?
* Sharti gani la kuingia linawazuia, na nani ana uwezo wa kulibadilisha?
* Ni watu gani wawili tutakaowaalika kabla ya mkutano ujao, na nani kati yetu atakwenda kuwaita?

Swali la mwisho lisibaki bila majina. Andikeni majina mawili, na mbele ya kila jina andikeni nani atakayekwenda na siku gani.